Kwenye Uwanja wa Shabaha, Kunyamaza Si Ustaarabu

Aliyepita jeshini au JKT anajua uwanja wa kulenga shabaha ulivyo. Hakuna anayeinua bunduki, anayesogea wala anayegeuka mpaka amri itoke. Mkufunzi akisema laleni, watu wanalala. Akisema toeni magazini, magazini zinatoka. Utulivu ule unalindwa na cheo, na anayeuvunja anajua adhabu itakayomkuta kabla jua halijatua. Uwanja wa kiraia hauna kitu hicho. Katika viwanja vya umma vya Marekani, fundi bomba, mwalimu mstaafu, mwanafunzi wa chuo na mama aliyenunua bastola yake ya kwanza wiki iliyopita husimama bega kwa bega, kila mmoja na silaha yake, na hapana koplo wala sajini. Pengine yupo msimamizi mmoja aliyevaa kizibao cha rangi kali, akitazama vibanda kumi au zaidi kwa macho mawili. Pengine hayupo kabisa, maana viwanja vingi vilivyo kwenye ardhi ya serikali havina mtu wa kusimamia. Kinachobaki kufanya kazi ya cheo ni adabu za wale waliopo. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba kero za viwanja hivi zimechukuliwa kwa wepesi uliopita kiasi. Watu huzisimulia kama vituko vya wenzao wasiojua kukaa na watu, wakanung'unika garini wakirudi nyumbani, na wiki inayofuata wakazikuta palepale. Nyingi ya kero hizo ni ajali iliyokwisha kuanza, na mazoea ya kuzivumilia ili mtu asionekane mkorofi ndiyo kosa kubwa kuliko kero zenyewe.

Misingi ya adabu hizi ni michache na inajulikana. Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa kikosi cha Marine ambaye mwaka 1976 alifungua shule ya silaha huko Arizona, ndiye aliyezipanga kanuni nne ambazo viwanja vingi vimezibandika ukutani hadi leo: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kamwe kwenye kitu usichokusudia kukiharibu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka shabaha imeshakamatwa, na mfyatuaji ajue anachokilenga na kilicho nyuma yake. Juu ya kanuni hizo uwanja huweka zamu mbili. Upo wakati wa kufyatua, na upo wakati wa kusitisha, ambapo watu huvuka mstari kwenda mbele kubadilisha karatasi za shabaha. Katika zamu hiyo ya pili kila silaha hutolewa magazini, chemba hufunguliwa ionekane tupu, bunduki huwekwa mezani, na mwenyewe hurudi nyuma. Hairuhusiwi kuigusa hata kwa kuifuta vumbi.

Hapo ndipo inapozuka kero ambayo kwangu ni mbaya kuliko zote. Watu wako mbele, migongo yao imeelekea meza, na mtu mmoja anaona huo ndio wasaa mzuri wa kurekebisha darubini ya bunduki yake, au kumwonyesha rafiki yake jinsi inavyokaa begani. Akiambiwa, hujibu kwamba haina risasi. Pengine kweli haina. Lakini yule aliye mita 50 mbele, anayebandika karatasi kwenye ubao, hana njia ya kujua yaliyomo ndani ya chemba ya mtu asiyemfahamu. Anachoweza kukiona kwa kutupa jicho mara moja ni kama kuna mtu mezani au hakuna. Kanuni ya kutogusa iliwekwa kwa ajili ya jicho hilo. Na huu ndio moyo wa adabu yote ya uwanja wa shabaha: haitoshi wewe kujua kwamba uko salama, inakupasa kuufanya usalama wako uonekane kwa mgeni. Anayesema "haina risasi" anamtaka mwenzake aweke maisha yake rehani juu ya neno la mtu asiyemjua, na wengi waliofyatua kwa bahati mbaya walikuwa wakiliamini neno hilohilo.

Mtutu nao ni vivyo hivyo. Mara nyingi anayeugeuzia watu ni mgeni aliyefurahi, wala hana nia mbaya. Amepiga katikati ya duara, anageuka na tabasamu kumtafuta mwenzake, na bastola inageuka pamoja na kifua chake. Au silaha imekwama, na badala ya kuiacha ielekee mbele na kuinua mkono kuomba msaada, anaibeba kumpelekea msimamizi kana kwamba ni simu iliyoishiwa chaji. Vibanda vya viwanja vingi hutenganishwa na ubao au plastiki tu, na maboksi ya risasi ndogo kabisa za .22, zile wanazoanzia watoto, huandikwa onyo kwamba risasi hiyo ni hatari hata umbali wa zaidi ya maili moja. Ukitaka kuona jinsi watu wanaoupenda mchezo huu wanavyolichukulia jambo hilo, tazama mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji shabaha kwa vitendo: mtutu ukipita nyuzi 90 kutoka uelekeo wa mbele, mshindani ameondolewa mashindanoni, hata kama hakufyatua, hata kama ni bingwa, hata kama amesafiri kutoka bara jingine. Hufungasha vitu vyake, na kwa kawaida hubaki kuwashangilia wenzake. Hakuna anayemwona msimamizi kuwa mkali. Moyo huohuo uko kwenye mashindano ya IDPA, chama cha kimataifa cha ulengaji wa bastola za kujihami, ambayo raia wenye leseni nchini Kenya hushindana katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Ukali na urafiki vinakaa pamoja bila shida pale kila mtu anapojua mapema kwamba kanuni haina jamaa.

Ziko kero ambazo madhara yake hayaonekani, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa suala la starehe tu. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, kiwango ambacho wataalamu wa afya ya kazi hukihesabu kuwa mpaka kwa mlio wa ghafla, na bunduki kubwa huenda mbali zaidi ya hapo. Sasa kuna kifaa kinachofungwa kwenye ncha ya mtutu ili kupunguza teke la bunduki kwa kuitupa gesi pembeni. Kinamfaa mwenye bunduki, lakini mlio na mshindo wake humwendea jirani wa kushoto na kulia. Ndani ya jengo, anayechagua kibanda kilicho ubavuni mwa mgeni anayejifunza kwa bastola ndogo, kisha akaanza kufyatua kwa bunduki ya namna hiyo, amemwondolea mwenzake uwezo wa kujifunza, na kama vikinga masikio vya mwenzake havikukaa sawa, amemtia jeraha ambalo halitapona. Mtu aliyeshtuka hukaza mkono, na mkono uliokaza ukiwa umeshika bastola unaweza kufyatua.

Kisha kuna vumbi. Fataki iliyo kitakoni mwa ganda mara nyingi imetengenezwa kwa mchanganyiko wenye madini ya risasi, na kiini cha risasi yenyewe kwa kawaida ni madini hayohayo, hivyo kila mlipuko huacha chembechembe hewani, mezani na sakafuni. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini, NIOSH, ilitoa onyo maalumu kuhusu madini hayo na kelele katika viwanja vya ndani. Sheria za kazi za nchi hiyo zinataka hewa anayovuta mfanyakazi isizidi wastani wa mikrogramu 50 za madini ya risasi kwa kila mita ya ujazo katika zamu ya saa 8, na wataalamu wanasema hakuna kiwango chochote kinachojulikana kuwa salama katika damu ya mtoto. Kwa hiyo yule anayekula chipsi kwenye mstari wa kufyatulia, anayefagia maganda kwa ufagio mkavu na kuwatimulia wenzake vumbi, au anayetoka pale bila kunawa akaenda kumpakata mwanawe, hafai kuchukuliwa kuwa mtu asiye nadhifu tu. Anagawa sumu. Msimamizi anayemwambia akaweke chakula nje hamwonei.

Viwanja vya wazi vina kero ya aina yake, nayo ni uchafu. Watu hupeleka televisheni mbovu, friji, chupa na mitungi, wakavipiga hadi vikawa vipande, kisha wakaondoka. Wengine huwasha shabaha zinazolipuka, au hutumia risasi zenye chuma ambazo zikigonga jiwe hutoa cheche. Mwezi Juni 2012 walenga shabaha waliwasha moto karibu na Saratoga Springs, Utah, na maelfu ya wakazi wakalazimika kuhama nyumba zao kwa muda. Aprili 2017 huko Arizona, mtu aliyekuwa akisherehekea jinsia ya mtoto wake mtarajiwa alipiga shabaha ya kulipuka katikati ya nyasi kavu. Moto uliotokea uliteketeza karibu hekta 19,000 na kusababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 8. Serikali huwa haiangalii nani alikuwa mstaarabu siku hiyo. Hufunga eneo zima, na waliokuwa wakiokota maganda yao na kurudi na karatasi zao za shabaha hufungiwa pamoja na walioharibu. Hili linauma zaidi ukikumbuka fedha zinatoka wapi: chini ya sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kodi ya asilimia 10 au 11 inayotozwa kwenye bunduki na risasi huenda kwenye hifadhi ya wanyamapori na shughuli zinazohusiana nayo, na mwaka 2019 sheria ililegezwa ili majimbo yaweze kuitumia kulipia hadi asilimia 90 ya gharama za kujenga viwanja vya umma. Walenga shabaha wanalipia viwanja kwa kodi zao, halafu wachache wao wanavipoteza kwa tabia zao.

Wapo watakaosema hofu hii imekuzwa. Na takwimu, kwa mtazamo wa juu, zinawaunga mkono. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na vifo vilivyohesabiwa kuwa vya bahati mbaya vilikuwa 549 tu, vikijumlisha nyumbani, porini na kila mahali. Uwanja wa shabaha, ambamo maelfu ya risasi hufyatuliwa kila siku, ni miongoni mwa mahali ambapo mtu ana nafasi ndogo ya kupigwa risasi kwa makosa. Nakubali kabisa. Lakini takwimu hiyo inaeleza matunda ya kanuni zinazofuatwa, haitoi ruhusa ya kuzilegeza. Vitu hivyohivyo, mikono hiyohiyo na uzembe huohuo wa kibinadamu vikiwa sebuleni huua. Vikiwa uwanjani haviui mara nyingi, kwa kuwa uwanjani kuna mstari, kuna zamu, na kuna mtu wa kupaza sauti. Ondoa mtu wa kupaza sauti, na uwanja unakuwa sebule yenye bunduki nyingi zaidi.

Tukio la Arizona la Agosti 2014 linaonyesha hayo bila kuhitaji maelezo marefu. Msichana wa miaka 9, akiwa likizo na wazazi wake, alipewa bunduki ya Uzi katika uwanja wa watalii. Alifyatua risasi moja moja, kisha mwalimu akaiweka bunduki kwenye mfululizo. Teke lake likaiinua kutoka mikononi mwa mtoto, na risasi ikampata mwalimu kichwani. Alifariki. Miaka sita kabla, mwaka 2008, mvulana wa miaka 8 alikuwa amekufa Massachusetts kwa bunduki ya aina hiyohiyo katika maonyesho ya silaha. Katika visa vyote viwili hapakuwa na mlevi wala mkorofi. Palikuwa na watu wema waliotaka mtoto afurahi, na mazingira ambamo kusema "hapana, hii haimfai" kungeonekana kukatisha raha. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ukarimu kwa mteja ulipewa nafasi mbele ya neno moja la kukataza, na gharama yake ni ile.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaosema huu ni uhuru. Kubeba silaha Marekani ni haki ya katiba, na kuifanyia mazoezi ni sehemu yake. Mwaka 2011 mahakama ya rufani ilisema hivyo katika kesi ya Ezell dhidi ya jiji la Chicago, jiji lililokuwa limemtaka kila anayeomba kibali afunzwe uwanjani huku likipiga marufuku viwanja ndani ya mipaka yake. Nadhani mahakama ilikuwa sahihi. Huwezi kumtaka mtu ajue kuogelea na ukafunga bahari. Lakini hukumu ile inautetea uwanja uwepo, haimtetei anayeuvuruga. Tena uzito wa adabu umeongezeka kwa sababu ya uhuru wenyewe. Kufikia mwaka 2024 majimbo 29 yalikuwa yamemruhusu mtu mzima kubeba bastola bila kibali, maana yake hakuna ofisi inayomlazimisha kupita darasani kwanza. Mkenya mwenye bastola amepita mbele ya bodi ya leseni kabla ya kuishika. Mmarekani wa majimbo hayo anaweza kutoka dukani na kwenda moja kwa moja uwanjani, na atakachoambiwa na jirani wa kibanda cha pili huenda ndiyo mafunzo pekee atakayopata maishani.

Hapo inakuja hoja ninayoiheshimu kuliko zote: ukali utawafukuza wageni, nao ndio wanaohitaji uwanja zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kati ya Januari 2019 na Aprili 2021 watu wazima milioni 7.5 walimiliki bunduki kwa mara ya kwanza, karibu nusu yao wanawake. Hawa hawakulelewa na baba mwindaji aliyewapiga kofi la mkononi walipogeuza mtutu. Na ni kweli kwamba wengi wao hukutana na kero ya upande wa pili: bingwa asiyeombwa. Yule anayeacha kibanda chake kwenda kumwelekeza mwanamke asiyemjua namna ya kusimama, anayemshika kiwiko kurekebisha mkono wake, anayecheka ukubwa wa bastola aliyoichagua, anayesimulia miaka yake jeshini huku mwenzake akijaribu kuvuta pumzi na kulenga. Huyu hafanyi kazi ya usalama. Anamkatiza mtu mwenye silaha iliyojaa, jambo ambalo lenyewe ni hatari, na anamfanya mgeni asirudi tena.

Kwa hiyo mpaka uchorwe, na kwangu hauna utata. Yanayohusu mtutu umeelekea wapi, kidole kiko wapi, na nani yuko mbele ya mstari ni mali ya kila mtu aliyepo. Yeyote ana haki na wajibu wa kusema, hata kama ni mgeni wa siku ile na anayeambiwa ni mzee wa miaka 70. Yanayohusu mtindo, aina ya silaha, idadi ya matundu kwenye karatasi na namna ya kusimama ni ya mwenyewe na mwalimu wake, na adabu ni kumwacha. Kinachotokea sasa katika viwanja vingi ni kinyume: watu ni wepesi wa kutoa ushauri usioombwa kuhusu mtindo, na wazito wa kusema lile moja linalookoa maisha.

Zipo pia kanuni zinazowaudhi wateja ambazo zinafaa kuvumiliwa kwa moyo mweupe. Viwanja vingi vinavyokodisha silaha havimkodishii mgeni aliyekuja peke yake, asiye na silaha yake wala rafiki. Wapo wanaoona wametukanwa. Sababu yake ni kwamba baadhi ya watu waliokata tamaa ya maisha wamewahi kutumia njia hiyo, na kumtaka mtu aje na mwenzake ni ulinzi usiogharimu kitu. Na kwa ndugu zetu walioko Houston, Minneapolis au kwingineko kwa viza za masomo au matembezi, sheria ya shirikisho humkataza mgeni wa aina hiyo kumiliki au hata kushika silaha, ikiwa na misamaha michache kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu, ambaye hadhi yake ya viza ilikuwa imekwisha, alishtakiwa kwa sababu alikwenda kufyatua uwanjani Florida, na kesi yake, ya Rehaif, ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2019. Anayealikwa na rafiki kwenda kujaribu bunduki ajiulize kama viza yake inamruhusu kabla ya kupanda gari.

Wenye viwanja wanaweza kufanya zaidi ya kubandika mabango ambayo hakuna anayeyasoma. Mgeni na azieleze kanuni nne kwa mdomo wake mwenyewe kabla ya kupewa kibanda. Dakika tatu zinatosha. Atakayegusa silaha wakati watu wako mbele arudishiwe ada yake na aondoke siku ile, bila mjadala wala matusi, awe mwanachama wa miaka 20 au mteja wa kwanza. Kwa viwanja visivyo na msimamizi, waliopo wachague mmoja wa kutoa amri kabla risasi ya kwanza haijatoka, kama walenga shabaha wenye uzoefu wanavyofanya tayari.

Na wewe utakayejikuta kwenye mstari huo, ujue kwamba karibu kila uwanja unampa mtu yeyote mamlaka ya kutoa amri ya kusitisha. Ukiona mkono umeenda mezani na kuna mtu mbele, usimtazame msimamizi kungoja aone, wala usimnong'oneze jirani. Paza sauti. Ikiwa umekosea, utakuwa umewapotezea watu dakika moja.